Siku Nilipolifuta Somo la Kura

Mimi nilianza kufundisha uraia kabla sijawa raia. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sitini, katika shule ya misheni nje kidogo ya Migori. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu na sanduku la mbao, jozi moja ya viatu, na cheti ambacho wino wake ulikuwa bado unanukia. Kitabu cha uraia kilikuwa kimoja kwa shule nzima. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya Gavana amevaa kofia yenye manyoya, na chini yake maswali: Gavana anaishi wapi? Nani humteua? Watoto waliyaimba majibu kama walivyoimba hesabu za kuzidisha. Nilipekua kitabu chote nikitafuta swali lililoanza na "kwa nini". Halikuwemo.

Walimu wenzangu mnaobaki kazini mliniomba niandike machache kabla sijasahau. Vyeo nitaviruka, maana vilikuwa vichache na havikunifunza kitu. Mshahara kila mmoja wenu anaujua. Nitaandika juu ya somo moja na mtoto mmoja, kwa sababu mimi nimestaafu lakini hasira yangu juu ya jambo hili bado inaripoti kazini kila asubuhi.

Aliyenifundisha kazi hasa hakuwa chuo. Alikuwa Mwalimu Elisha Odongo, Msabato mwembamba wa kaptula ya kaki, ambaye hakunywa chai wala kuinua sauti. Wiki yangu ya kwanza alikaa nyuma ya darasa langu akisikiliza watoto wakiimba habari za Gavana. Kengele ilipolia akanifuata ubaoni.

"Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu, kwa Kijaluo, "hapa umefundisha kasuku arobaini. Kesho njoo na debe."

Nilileta debe la mafuta ya taa. Alilitoboa tundu juu kwa patasi, akalipaka chokaa, kisha akatundika blanketi lake mwenyewe kwenye kona ya darasa. Alinionyesha namna ya kukata karatasi sawasawa kwa uzi uliolowa maji, kwa sababu mkasi ulikuwa ofisini na ufunguo wa ofisi ulikuwa na padre. Watoto wangemchagua kiranja wao. Kila mmoja angeingia nyuma ya blanketi, atie alama, akunje karatasi, atoke aitumbukize.

"Kwa nini blanketi?" nikamuuliza. "Si wanyooshe mikono tu?"

"Mtoto akijua hakuna anayemwona, ndipo anapojua anachotaka."

Waliyemchagua hakuwa yule kijana mrefu ambaye sote walimu tulimpenda. Walimchagua msichana mfupi mwenye kigugumizi. Nilipolalamika, Mwalimu Odongo alikunja blanketi lake polepole, akaliweka kwapani.

"Basi umeona kazi yake," akasema, akaenda zake.

Nilinakili maneno yake katika daftari langu la maandalio ya masomo, nikayapigia mstari. Tangu siku hiyo kila darasa nililopewa lilipata debe na blanketi.

Uhuru ulipokuja vitabu havikuja. Tulikata picha ya Gavana kwa wembe, tukabandika picha mpya iliyotoka gazetini, na maswali chini yake tukayaacha yalivyo. Mwalimu Odongo alipandishwa akawa mkaguzi wa shule, akapewa viatu vyeusi na gari la serikali. Mimi nikahamishiwa shule moja ya Wakuria karibu na Isebania, hatua chache kutoka mawe ya mpaka.

Siku ya kwanza pale nilifungua somo kwa swali: raia ni nani? Mvulana mmoja, Chacha, akasimama.

"Mwalimu, nyumba ya baba iko Kenya. Zizi liko Tanganyika. Ng'ombe wetu ni raia wa wapi?"

Nilimwambia ng'ombe hapigi kura. Akafikiri, akasema hata mama yake hapigi, kwa hiyo hilo halikutosha. Nikajua nimefika kwenye darasa zuri. Mimi sikujua Kikuria na wao hawakutaka Kijaluo, kwa hiyo tuliishi kwa Kiswahili, na kila nilipotamka "sule" badala ya "shule" walinisahihisha wote kwa pamoja bila huruma.

Boke Marwa alikuwa darasa la saba nilipomfundisha. Msichana wa miaka kumi na minne hivi, mwenye tabia ya kusoma kila kitu mpaka maandishi ya kwenye magunia. Aliishi na nyanya yake, Wegesa, mama wa baba yake. Nyanya alikuwa na miguu mibovu na Boke ndiye alikuwa mkono wake wa kushika popote alipokwenda. Wenzake Boke walikuwa wakiondolewa shuleni mmoja mmoja kwenda kuolewa. Marwa, baba yake, alikuwa ameambiwa na wazee mara kadhaa kwamba ng'ombe wanamsubiri. Yeye aliwajibu kwamba mtoto anasubiri mtihani, na baada ya hapo wataona. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa ndiyo uzi mmoja uliomshikilia yule msichana. Ukikatika, hakukuwa na mwingine.

Darasa lile lilipenda somo la kura kuliko yote. Tulifanya uchaguzi na debe na blanketi, tukachora chati kubwa kwenye karatasi ya manila na kuitundika ukutani. Boke ndiye aliyeandika maneno, kwa mwandiko wake wa kuinama: *Kura ni siri. Hakuna mtu anayeruhusiwa kukulazimisha umwonyeshe.* Sentensi hiyo hatukuitunga. Ilitoka neno kwa neno kwenye kitabu kipya, ambacho hatimaye kilikuwa kimeletwa, na ambacho kilikuwa na mhuri wa serikali kwenye jalada.

Mwaka huohuo kata yetu ikawa na uchaguzi wa diwani. Wagombea walikuwa wawili. Mmoja alama yake jembe, mwingine chungu. Kila mtu alijua kwamba naibu wa chifu alikuwa na jembe, kwa sababu alikuwa amelisema kwenye baraza, akaongeza kwamba watu wa chungu wasije kwake kutafuta barua za aina yoyote. Kituo cha kupigia kura kilikuwa darasa langu. Nasi walimu, kama ilivyokuwa desturi, tuliwekwa kuwa makarani.

Hapa ndipo ninapoanza kujionea aibu, na naomba msome polepole.

Nilikaa mezani tangu asubuhi nikitafuta majina kwenye daftari la wapiga kura. Wanaume walipita, wakatia alama kwenye kona, wakakunja, wakatumbukiza. Kisha ikaja foleni ya wanawake. Naibu wa chifu, ambaye hakuwa na kazi yoyote ya kisheria mle ndani, alisogeza kiti chake karibu na sanduku. Mwanamke wa kwanza alipotoka konani na karatasi yake imekunjwa, akamnyooshea mkono.

"Mama, fungua tuone kama umeweka vizuri. Isije ikaharibika."

Akafungua. Akatazama, akatikisa kichwa, akamruhusu. Wa pili vilevile. Wa tatu alikuwa ametia alama kwenye chungu. Naibu akamuuliza jina la mume wake, kwa sauti ya upole, na kuliandika kwenye kijitabu. Baada ya hapo hapakuwa na mwanamke aliyehitaji kuulizwa. Walitoka konani wakiwa wameshika karatasi wazi kama mtu aliyebeba sahani.

Msimamizi wa kituo alikuwa mgeni kutoka makao makuu, Homa Bay. Alikuwa akisoma gazeti. Polisi alikuwa mlangoni akitazama nje. Nami, mwalimu wa uraia, nilikuwa nimeketi chini ya chati ya Boke, nikiita jina linalofuata. Nilikaa hivyo asubuhi nzima. Nilijiambia kwamba nikisema nitavuruga uchaguzi. Nilijiambia msimamizi ndiye mwenye mamlaka. Mtu mwoga huwa na akili nyingi sana.

Kabla ya saa sita akaingia Wegesa, nyanya yake Boke, akiegemea fimbo. Boke alimfikisha mlangoni na akazuiwa hapo, kama ilivyopasa. Nyanya alikwenda konani, akachukua muda wake, akatoka ameikunja karatasi mara nne.

"Nyanya, fungua tuone," akasema naibu wa chifu.

Yule mama akasimama. Akaanza kuifungua kwa vidole vyake vigumu.

Kutoka mlangoni nikasikia Boke akisema jambo kwa Kikuria. Halafu akalirudia kwa Kiswahili, nadhani ili polisi naye asikie.

"Nyanya, usifungue. Kura ni siri. Imeandikwa hapo ukutani."

Alinyoosha mkono kuonyesha chati. Watu wote mle ndani wakatazama ukuta, hata msimamizi aliyekuwa na gazeti. Maandishi yalikuwa makubwa. Yalikuwa juu ya kichwa changu.

Naibu wa chifu akamgeukia msimamizi. Msimamizi akatazama chati, akatazama gazeti lake, akasema kwa sauti ndogo, "Ni kweli. Haifai kufunguliwa."

Wegesa akaikunja tena, akaitumbukiza. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake alikuwa ameshafungua ya kwake. Akaikunja. Na aliyemfuata akakunja. Mpaka kituo kilipofungwa jioni, hakuna mwanamke hata mmoja aliyetoka konani na karatasi wazi. Mimi nililipata hilo kama zawadi. Sikuwa nimelifanyia kazi.

Mwenye jembe alishinda kata. Katika kituo chetu alishindwa, na jambo hilo halikusameheka.

Jumatatu Boke hakuwa darasani. Nilimkuta mwalimu mkuu, Bwana Mwita, akipanga chaki ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Nimemrudisha nyumbani," akasema bila kuniangalia. "Ni amri."

"Amri ya nani?"

"Mwalimu Dorka, mimi nina watoto sita na naibu wa chifu ni jirani yangu. Usiniulize ya nani."

Nilikwenda kwa naibu wa chifu mwenyewe. Alinipokea kibarazani, akanipa kiti, akaniletea maziwa. Hakuwa mtu wa kelele.

"Hii mtoto nani alimfundisha kupinga serikali?" akauliza.

"Serikali ndiyo ilimfundisha. Kitabu ni cha serikali."

"Kitabu ni ya mtihani, Mwalimu. Sasa wewe umechukua mambo ya mtihani umeleta kwa watu."

Nimelifikiria jibu hilo kwa miaka mingi. Sijawahi kumsikia afisa wa elimu yeyote akieleza sera yetu ya uraia kwa uwazi kama huo.

Wiki iliyofuata likaja gari la serikali lenye vumbi, akashuka Mwalimu Odongo. Nilifurahi. Nawaambia kweli, nilikwenda kumpokea mbio kama mtoto anayemwona baba yake. Nilidhani amekuja kumaliza upuuzi ule.

Aliomba daftari langu la maandalio. Tuliketi darasani, watoto wakiwa nje kwenye mazoezi. Akapekua mpaka akafika kwenye maneno yake mwenyewe, yale ya blanketi, ambayo nilikuwa nikiyanakili upya kila mwaka. Akayasoma. Akaliacha daftari wazi hapohapo.

"Wameandika barua," akasema kwa Kijaluo. "Wanasema shule hii inafundisha siasa."

"Wewe unajua inachofundisha."

"Najua." Alivua miwani, akaifuta kwa tai. "Mtoto atarudi, na atafanya mtihani, kama utafanya jambo moja. Utasimama mbele ya darasa uwaambie ulikosea."

"Nilikosea wapi?"

"Hilo hawakuandika."

"Nikikataa?"

"Jina lake litatolewa kwenye orodha ya watahiniwa, na orodha inaondoka wiki hii. Wewe utafukuzwa kazi. Walijua hilo la pili halingekutisha sana, nyathina. Ndiyo maana wameanza na mtoto."

Nilimuuliza kama yeye angeandika barua kupinga. Aliivaa tena miwani yake. Nikamuuliza kama angeweza angalau kuichelewesha orodha. Akasema ameletwa na dereva ambaye ataulizwa kila alichokisikia. Nilimtazama yule mtu aliyenifundisha kukata karatasi kwa uzi, nikaona kwamba anaogopa kuliko mimi, na kwamba viatu vile vyeusi vilikuwa vinambana.

Nikakubali. Nilijiambia ninamwokoa Boke. Nilimwona tayari ameketi kwenye zizi la mtu mzima mwenye wake wawili. Huo ulikuwa ukweli. Lakini nilifanya kosa ambalo ninyi msilifanye: niliamua juu ya mtoto bila kumuuliza mtoto. Nyumbani kwao palikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Sikwenda.

Wakamrudisha siku ileile waliyoiteua. Boke alikuja na sare imepigwa pasi, akaketi mahali pake, mstari wa pili. Nyuma waliketi Bwana Mwita na naibu wa chifu, magoti yao yakiwa juu kwa sababu ya madawati ya watoto. Mwalimu Odongo alisimama dirishani, akitazama nje.

Nikasema, "Yale niliyowafundisha kuhusu kura, nilikosea."

"Waeleze vizuri," akasema naibu wa chifu kutoka nyuma. "Wasikie."

"Kura si siri mbele ya serikali. Mtu akiulizwa na mkubwa wake, anapaswa kuonyesha."

"Na hiyo ya ukutani."

Nikapanda juu ya kiti, nikaitoa ile chati. Gundi ya uji wa unga ilikuwa imeshika vizuri, kwa hiyo ilichanika, na neno *siri* likabaki ukutani peke yake. Ikabidi nilikwangue kwa ukucha.

Niliposhuka, Chacha alikuwa amenyoosha mkono. Alikuwa kijana wa kupenda alama kuliko chakula.

"Mwalimu, kwenye mtihani tuandike gani?"

Naibu wa chifu akamtazama mkaguzi. Mwalimu Odongo, bila kugeuka kutoka dirishani, akasema, "Andikeni ya kitabu."

"Na tukiwa wakubwa?"

"Keti chini," akasema Mwalimu Odongo.

Chacha akaketi. Boke alikuwa hajaondoa macho yake kwangu tangu nilipoanza. Sasa akaangalia chini, akafunga daftari lake, akaweka kalamu juu yake sawasawa.

Mtihani ulikuja. Na katika karatasi ile kulikuwa na swali juu ya kura, lililotaka mtahiniwa aeleze kwa nini hupigwa kwa siri. Darasa langu lote lilijibu vizuri kabisa. Bwana Mwita alipongezwa kwa maandishi kwa hali ya juu ya elimu ya uraia katika shule yake. Barua hiyo aliibandika ofisini. Nikiwaambia kwamba nilitamani kuila, msidhani natania.

Boke alifaulu, akapata nafasi katika shule ya sekondari ya wasichana. Mimi nikapata uhamisho wa kwenda Bonde la Lambwe. Wakati ule Lambwe ilikuwa mahali pa kumpeleka mwalimu ambaye hawataki kumfukuza wala kumwona. Mbung'o walikuwa wengi, malale yalikuwa yanawaua ng'ombe na watu, na nusu ya rejista yangu ilikuwa majina ya watoto waliokuwa hospitali. Nilifundisha kusoma, hesabu, na namna ya kutengeneza mtego wa mbung'o. Uraia nilikuwa nausomesha kutoka kitabuni, neno kwa neno, nikitazama saa.

Kabla miaka ya sitini haijaisha, nilikwenda Homa Bay kuchukua chaki na rejista kwenye ofisi ya elimu. Nikiwa stendi ya basi nikasikia naitwa. Alikuwa Boke, mrefu kunipita, amevaa sketi ya shule, anarudi nyumbani kwa likizo. Alinisalimu kwa heshima zote. Nikamwingiza kwenye hoteli, nikaagiza chai na mandazi kwa wawili. Alizungumza habari za masomo. Nikamuuliza hali ya nyanya yake.

"Yuko. Miguu tu." Akaweka kikombe chini. "Mwalimu, siku ile uliposema ulikosea, nyanya alisikia kwa watu. Akaniita, akaniuliza ni kweli? Mwalimu mwenyewe amesema? Nikamwambia ndiyo, amesema."

"Ungemwambia nililazimishwa."

"Sikujua. Hukuniambia." Alisema bila hasira, kama mtu anayesoma. "Nyanya akachukua kuku wake, yule wa kutaga, akampelekea naibu wa chifu. Akamwomba msamaha kwa kukunja ile karatasi. Tangu hapo hajapiga kura. Anasema ni kitu ya watu waliosoma, na hata wao hawaijui."

Chai yangu ilipoa. Nikamwambia ile habari yote: orodha, barua, Mwalimu Odongo. Nikamwambia bila mimi kusema vile angekosa mtihani.

"Ningekosa," akasema Boke. "Lakini ungeniuliza."

Walimu wenzangu, nimekaripiwa na wakaguzi, na maafisa, na mara moja na waziri msaidizi aliyepotea njia. Hakuna aliyewahi kunisema kama yule msichana alivyonisema kwa maneno mawili juu ya sahani ya mandazi.

Nikaacha rejista na chaki kwa karani wa ofisi, nikapanda basi lile lile pamoja naye. Tulilala Migori kwa dada yangu, na asubuhi tukafika Isebania. Wegesa alikuwa ameketi juani nje ya nyumba, akichambua maharage. Nilipiga magoti mbele yake, jambo ambalo kwa Mjaluo mwenye cheti cha serikali si dogo, nikasema na Boke akatafsiri.

"Mama, siku ile nilisema uongo. Sikukosea darasani. Nilikosea niliposema nimekosea. Wewe ulifanya sawa. Karatasi ilikuwa yako na hakuna aliyekuwa na haki ya kuiona."

Yule mama aliendelea kuchambua, akatupa jiwe moja, akatupa lingine. Kisha akauliza swali, na Boke akasita kabla ya kutafsiri.

"Anauliza, kwa hiyo hakuwa na kosa?"

"Hakuwa na kosa lolote."

Wegesa akaweka ungo chini, akatafuta fimbo yake.

"Anasema basi akarudishiwe kuku wake," akasema Boke.

Nilidhani ni utani. Hakukuwa na kicheko usoni pake. Tulikwenda, sisi watatu, mwendo wa mguu mbovu, mpaka kwa naibu wa chifu. Alikuwa kibarazani kwake palepale aliponipa maziwa. Wegesa hakuketi. Alisema alichokuja kusema, na Boke akaninong'oneza sikioni: kwamba alileta kuku kwa ajili ya kosa, kwamba mwalimu amekuja kusema kosa halikuwepo, kwamba kuku wa bure hatoi.

Naibu wa chifu alinitazama mimi. Sasa nilikuwa nimechoka kuwa na akili nyingi.

"Ni kweli," nikasema. "Nilisema uongo mbele yako, na wewe ulijua ni uongo."

"Yule kuku tulikula zamani," akasema.

Wegesa akasema atangoja.

Akangoja. Alisimama pale ameegemea fimbo, katika uwanja wa naibu wa chifu, majirani wakianza kukusanyika kwenye ua. Mwenyewe alijaribu kucheka, akajaribu kukohoa, mwishowe akaingia ndani, akafunga mlango. Sijui tungesimama pale mpaka lini. Aliyetoka alikuwa mke wake, mama wa makamo aliyefunga kitambaa cha buluu. Hakututazama. Alikwenda nyuma ya ghala, kukawa na fujo ya mabawa, akarudi na kuku mweupe ameshikwa miguu. Akamkabidhi Wegesa, akainama karibu na sikio lake, akasema jambo fupi, kisha akarudi jikoni.

Tulipofika njiani nilimwomba Boke anitafsirie. Alimuuliza nyanya yake kwanza kama anaruhusiwa. Nyanya akamkubalia, akimkumbatia yule kuku kifuani.

"Amesema," Boke akaniambia, "'Siku ile nilikuwa nyuma yako kwenye foleni. Na mimi nilikunja.'"